Kubadilisha wakala aliyesajiliwa wa kampuni Texas: mwongozo kamili, hasa kwa wenye malori

Mwenye malori mawili ninayemfahamu hapa Texas alijua kuwa kampuni yake imeshtakiwa siku benki ilipozuia akaunti. Wakati huo kesi ilikuwa imekwisha. Lori lake liligongana na gari dogo, mwenye gari akaenda mahakamani, na samansi ikapelekwa kwenye apatimenti aliyoiandika zamani, alipokuwa anafungua kampuni, kuwa anwani ya wakala wake, yaani mtu wa kupokea hati za kampuni. Alikuwa amehama miaka miwili nyuma. Mpeleka samansi alibisha hodi siku kadhaa, akafunguliwa na mpangaji ambaye hajawahi kulisikia jina lile. Sheria ya Texas inasema wakala wa kampuni asipopatikana baada ya kutafutwa ipasavyo, hati zinaweza kukabidhiwa kwa Katibu wa Jimbo, ambaye ofisi yake ndiyo inayosajili kampuni. Ofisi hiyo nayo huzituma kwa posta kwenye anwani iliyo kwenye kumbukumbu, na kwenye kumbukumbu ilikuwepo apatimenti ileile. Bahasha ikarudi. Mahakama ikatoa hukumu ya upande mmoja.

Ndugu huyu alikuwa na bima hai. Kampuni ya bima ingemletea wakili bila yeye kutoa senti. Kilichomwangusha ni mabadiliko ya anwani ambayo hakuyafanya, na yangemgharimu dola 15 na nusu saa ya kukaa mbele ya kompyuta. Ndiyo maana naandika mwongozo huu kwa kirefu, na nitaizungumzia zaidi Texas kwa sababu ndiko ninakozijua fomu zake. Mwishoni nitagusia majimbo mengine.

Kazi ya wakala huyu

Kila kampuni ya LLC (ya wenye dhima yenye kikomo) au korporesheni iliyosajiliwa Texas lazima iwe na mtu au kampuni nyingine iliyokubali kupokea hati za mahakama na barua za serikali kwa niaba yake. Kwenye fomu za Texas anaitwa "registered agent", na anwani yake ni ofisi iliyosajiliwa. Ukiwa Ohio utamwona kwa jina la "statutory agent", Maryland "resident agent", na California "agent for service of process". Kazi ni ileile.

Waliowahi kufungua kampuni Tanzania kupitia BRELA au Kenya kupitia eCitizen wamezoea kutaja anwani ya ofisi iliyosajiliwa. Texas inaitaka hiyo, na juu yake inataka jina la mtu wa kusimama kwenye mlango huo. Sheria ina masharti machache yasiyo na mjadala. Anwani iwe ya mtaa, ndani ya Texas, mahali ambapo mtu anaweza kufikishiwa hati mkononi saa za kazi. Sanduku la posta halikubaliki, wala duka linalokodisha visanduku vya barua tu, wala huduma ya kupokea simu tu. Wakala akiwa mtu, awe mkazi wa Texas. Akiwa kampuni, iwe imesajiliwa au imeruhusiwa kufanya biashara humo.

Kuna sharti moja linalowakwaza wengi: kampuni haiwezi kuwa wakala wa nafsi yake. Wewe mwenye kampuni unaweza, kwa jina lako mwenyewe, lakini ukiandika jina la LLC yako kwenye nafasi ya wakala, fomu itarudishwa.

Wenye malori: BOC-3 ni kitu kingine

Hapa ndipo ninapoona mkanganyiko mkubwa kuliko mahali popote. Ulipoomba mamlaka ya kubeba mizigo ya watu kuvuka majimbo, FMCSA, idara ya serikali kuu inayosimamia usafirishaji wa malori, ilikutaka uwe na fomu BOC-3. Fomu ile inataja mawakala wa kupokea samansi katika majimbo mbalimbali, na kwa wasafirishaji huwasilishwa na kampuni ya mawakala yenyewe. Basi mtu akishalipia BOC-3, anaamini suala la wakala limekwisha.

Halijaisha. BOC-3 inakaa kwenye vitabu vya serikali kuu, kwa ajili ya mamlaka yako ya usafirishaji. Wakala aliyesajiliwa anakaa kwenye vitabu vya jimbo, kwa ajili ya kampuni kama kampuni. Ukibadilisha mmoja, mwingine anabaki vilevile. Zipo kampuni zinazotoa huduma zote mbili kwa bei moja, na hapo ndipo hatari inapozidi: ukiacha kulipia mwaka wa pili, unaweza kupoteza wote wawili kwa mkupuo. Kabla ya kuendelea, tafuta risiti zako ujue unamlipa nani kwa lipi.

Hatua ya kwanza: jua ni nani aliyeandikwa sasa

Usitegemee kumbukumbu ya kichwa. Ingia kwenye tovuti ya ofisi ya kodi ya Texas, ile inayoitwa Comptroller, kwenye ukurasa wa kutafuta kampuni zinazolipa kodi. Hakuna malipo. Andika jina la kampuni au namba yako ya kodi. Utaona kama kampuni bado ina haki ya kufanya biashara jimboni, jina la wakala, na anwani ya ofisi iliyosajiliwa. Chapisha ukurasa huo, au upige picha ya skrini yenye tarehe. Ndio ushahidi wako wa hali ilivyokuwa kabla ya mabadiliko.

Andika pembeni mambo mawili: jina la kampuni herufi kwa herufi, pamoja na koma na nukta kama zipo, na namba ya faili ya Katibu wa Jimbo. Namba hiyo si EIN (namba ya kodi ya kampuni kwa serikali kuu), wala si namba ya mlipa kodi wa Texas. Iko kwenye cheti ulichopewa siku kampuni ilipoandikishwa. Watu hujaza EIN hapo kwa sababu ndiyo wanayoikumbuka.

Ukikuta hali ya kampuni ni mbaya kwa sababu ya kodi au ripoti ambayo haikuwasilishwa, shughulikia hilo sambamba. Usiahirishe kubadilisha wakala hadi kodi itulie, maana samansi haisubiri.

Hatua ya pili: chagua wa kumweka

Una njia tatu: wewe mwenyewe, mtu wako wa karibu, au kampuni ya kulipwa.

Kuwa wakala mwenyewe hakuna gharama, na kwa baadhi ya watu ni sawa kabisa. Mama mwenye saluni ya kusuka inayofunguliwa Jumatatu hadi Jumamosi hana sababu ya kulipa mtu. Vilevile mwenye duka la vyakula vya nyumbani, anayekaa kaunta kutwa akiuza unga, dagaa na majani ya muhogo. Samansi ikija, itamkuta. Alipe nini?

Lakini dereva? Leo uko Laredo unasubiri kupakia, keshokutwa uko Chicago, wiki ijayo hujui. Sheria inataka mtu apatikane saa za kazi, na saa za kazi wewe uko barabarani. Mke naye anafanya zamu ya usiku ya kuhudumia wazee, mchana amelala na simu ameizima. Watoto wako shule. Nyumba ina watu watano na mchana hakuna anayefungua mlango. Kwa mwenye lori nasema bila kusita: lipa kampuni.

Njia ya katikati, ya kumwandika shemeji au rafiki wa kanisani au msikitini, ndiyo iliyoleta maumivu mengi. Hakuna ubaya kwa ndugu mwenyewe. Ila ndugu anahama. Ndugu anapata kazi Iowa na kuondoka mwezi huohuo, na wala hakumbuki kuwa jina lake limeandikwa mahali. Na siku karatasi inapomfikia, anaona maneno ya mahakama, anaogopa kwamba ni yeye anayeshtakiwa, anaiweka kabatini. Ukiamua kumweka mtu, kaa naye umweleze kwa Kiswahili chepesi: mtu akija na karatasi, ipokee, piga picha kila ukurasa, nitumie saa hiyohiyo, kisha niandikie tarehe na saa uliyokabidhiwa. Ile tarehe ni muhimu kuliko karatasi yenyewe, nitaeleza mbele kwa nini.

Jingine la kufikiria ni faragha. Jina na anwani ya wakala vinaonekana na kila mtu kwenye intaneti. Ukiandika nyumba yako, utaletewa rundo la barua zinazojifanya za serikali, zikikudai ada ya cheti au ya mabango ya sheria za kazi. Nyingi ni za wafanyabiashara wanaochota majina kwenye orodha ya jimbo. Soma maandishi madogo chini, na usilipe kitu ambacho hukukiona kwenye tovuti ya serikali yenyewe.

Kwa kampuni za kulipwa, bei inatofautiana sana na haina uhusiano mkubwa na ubora. Zipo za dola 50 kwa mwaka na zipo za dola mia kadhaa. Mimi ninauliza maswali haya kabla ya kutoa kadi: hati ya mahakama ikifika mnaniambia siku hiyohiyo, na kwa njia gani? Mnaipiga picha na kuiweka mtandaoni? Bei ya mwaka wa pili ni ileile ya mwaka wa kwanza? Mnatoza nikiondoka? Mkataba unajihuisha wenyewe? Nikiacha kulipa mnafanya nini, na mnanipa taarifa siku ngapi kabla? Jibu la swali la mwisho liandikwe, lisiwe la mdomo tu.

Na kagua kama wanapokea barua za kawaida. Kampuni nyingi hupokea hati za mahakama na za serikali tu, na nyinginezo huzirudisha. Kama benki, bima na madalali wa mizigo wanakutumia barua kwa anwani ya wakala, utazikosa.

Hatua ya tatu: pata idhini yake, kisha uamuzi wa kampuni

Tangu 2010 Texas inataka wakala awe amekubali, kwa maandishi au kwa njia ya kielektroniki, kabla hujamwandika. Fomu ya idhini ni 401-A. Huipeleki serikalini. Unaihifadhi kwenye faili la kampuni, lakini kwa kusaini fomu kuu ya mabadiliko, Fomu 401, unaapa kuwa idhini hiyo ipo. Aliyeandikwa bila kukubali anayo njia ya kujiondoa, kwa Fomu 428 ya kukataa uteuzi, na ukitoa tamko la uongo kuna adhabu. Ukilipia kampuni ya mawakala mtandaoni, kwa kawaida idhini utaikuta kwenye akaunti yako dakika chache baadaye, pamoja na anwani kamili ya kuandika. Inakili kama ilivyo, na namba ya chumba usiiache.

Upande wa kampuni yako, soma makubaliano ya wanachama, yaani wenye kampuni. Kama uko peke yako, andika karatasi moja: mimi, mwanachama pekee wa kampuni fulani, tarehe fulani, nimeamua kumbadilisha wakala kutoka huyu kwenda yule. Saini, weka kwenye faili. Mkiwa wawili au zaidi, wote waarifiwe na asaini mwenye mamlaka. Nimeona wabia wakikosana kwa sababu mmoja alibadilisha wakala kimyakimya na mwenzake akahisi anataka kunyang'anywa kampuni. Karatasi moja yenye saini mbili inazuia hayo.

Hatua ya nne: Fomu 401

Hii ndiyo kazi yenyewe. Fomu 401 inatumika kwa kampuni za Texas na hata za majimbo mengine zilizosajiliwa kufanya biashara Texas. Ada ni dola 15. Mashirika yasiyo ya faida hulipa dola 5, kwa hiyo viongozi wa vikundi vya jamii na makanisa mliojisajili, jueni hilo.

Unaweza kuwasilisha mtandaoni kupitia SOSDirect, tovuti ya Katibu wa Jimbo, kwa faksi, kwa posta, au kwa mkono Austin. Mimi nachagua mtandaoni kila mara, kwa sababu unaona makosa yako kabla ya kutuma na jibu linakuja haraka. Ukilipa kwa kadi, wanaongeza asilimia 2.7. Ukituma kwa posta, peleka nakala mbili za fomu na hundi, kwenye P.O. Box 13697, Austin, Texas 78711.

Fomu inaanza na jina la kampuni na namba ya faili, vile ulivyoviandika hatua ya kwanza. Inafuata sehemu ya wakala wa sasa na ofisi ya sasa, na hapa andika kilicho kwenye kumbukumbu hata kama ni kibovu au cha zamani. Halafu mabadiliko. Kuna visanduku viwili, na unachagua kimoja: wakala ni kampuni, au wakala ni mtu. Usijaze vyote. Anwani mpya inafuata, ya mtaa, mji na msimbo wa posta. Neno Texas limekwisha kuchapishwa hapo, na hiyo inakukumbusha kuwa anwani ya Oklahoma haitapita.

Baadaye kuna tamko la idhini ya wakala, na maelezo kwamba anwani ya ofisi iliyosajiliwa na anwani ya kazi ya wakala ni moja. Yasome, maana unayasaini.

Sehemu ya tarehe ya kuanza kutumika inakupa uchaguzi: siku itakapopokewa na kuandikishwa, au tarehe ya baadaye isiyozidi siku 90 tangu kusainiwa, au tukio fulani likitokea. Chagua ya kwanza. Sijawahi kuona sababu nzuri kwa biashara ndogo kuchelewesha. Kisha saini na tarehe. Mwanasheria wa kugonga muhuri hahitajiki. Kwa Texas, wakala mpya hasaini fomu hii, lakini Florida kwa mfano anasaini kukubali, kwa hiyo usichukulie kuwa kila jimbo ni hivyo.

Hatua ya tano: hakikisha, ndipo umwache wa zamani

Hapa naomba uvute kiti, kwa sababu kosa la hatua hii linaharibu zote zilizotangulia.

Watu wengi wanaanza kwa kumfuta wakala wa zamani. Bei imepanda, wamekasirika, wanafuta kadi, wanatuma barua pepe ya kujitoa, ndipo wanaanza kutafuta mwingine. Kati ya hapo kuna wiki ambazo kampuni haina mtu mlangoni, huku jina la yule wa zamani bado linasomeka kwenye vitabu vya jimbo. Mpeleka samansi ataenda kwake. Yeye atasema huyu si mteja wetu tena.

Mpangilio ulio salama ni huu: mpya alipwe na akubali, fomu iwasilishwe, jimbo lithibitishe, kumbukumbu zisomeke jina jipya, ndipo wa zamani aambiwe kwaheri. Kama hilo litakugharimu mwezi mmoja wa kulipa wawili, lipa.

Jimbo likishaandikisha, utapata barua na nakala yenye muhuri. Rudi kwenye ukurasa wa Comptroller utafute tena kampuni yako. Ofisi hizi ni mbili tofauti, taarifa hutoka kwa moja kwenda nyingine, kwa hiyo inaweza kuchukua siku chache. Jina jipya likionekana, piga picha ya pili ya skrini uiweke karibu na ile ya kwanza.

Sasa mwandikie wakala wa zamani. Mwambie tarehe mabadiliko yalipoandikishwa, umwambatanishie nakala, umwombe mambo mawili: athibitishe kuwa hakuna hati aliyopokea ambayo hajakutumia, na akutumie chochote kitakachomfikia kwa kuchelewa. Zima malipo ya kujirudia mwenyewe, kwenye akaunti yako kwao, usiishie kuomba. Hili nalisema kwa uchungu kidogo, kwani kampuni moja iliendelea kunikata mwaka mzima baada ya kunijibu kuwa wamenifungia akaunti.

Kwingine pa kurekebisha

Ripoti ya taarifa za umma inayowasilishwa Comptroller kila mwaka ifikapo Mei 15 inaonyesha jina la wakala, na watu hudhani wakiliandika jina jipya pale wamebadilisha. La hasha. Fomu yenyewe inasema mabadiliko ya wakala yafanywe kwa Katibu wa Jimbo. Nimekutana na waliokuwa "wakibadilisha" hivyo miaka mitatu mfululizo, na kwenye kitabu cha jimbo jina halikusogea.

Kama kampuni imesajiliwa pia kufanya biashara Louisiana, Oklahoma au kwingine, kila jimbo lina wakala wake, fomu yake na ada yake. Texas haiwaambii wenzake.

IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, haijali wakala wako ni nani. Lakini kama ulitumia anwani ya wakala wa zamani kuwa anwani yako ya barua za IRS, wajulishe kwa Fomu 8822-B. Fanya hivyohivyo kwa Comptroller, FMCSA, benki na bima. Bima usiiruke.

Kampuni yako ikiwa ya jimbo jingine

Florida hufanya kazi zake kupitia tovuti yake ya Sunbiz. Kubadilisha wakala ni dola 25 kwa LLC na 35 kwa korporesheni, ila ukifanya ndani ya ripoti ya mwaka, kati ya Januari 1 na Mei 1, hulipi ziada. Usiipitishe Mei 1, kwa kuwa faini ya kuchelewa ripoti hiyo ni dola 400. California unabadilisha kwa kuwasilisha upya taarifa ya kampuni kwenye tovuti ya jimbo, bizfile, na kama si muda wako wa kawaida wa kuwasilisha, ni bure. Ohio ni dola 25. Pennsylvania haina wakala kwa maana hii, ina ofisi iliyosajiliwa, na kuihamisha ni dola 5. New York ina utaratibu wake: Katibu wa Jimbo mwenyewe ndiye anayepokea samansi kwa niaba ya kampuni kisha anazituma kwa anwani uliyoiandika, na kubadilisha anwani hiyo ni dola 30. Huko wakala ni hiari, lakini anwani iliyokufa inaua vilevile.

Delaware nitaizungumzia kidogo zaidi kwa sababu ya ndugu walioko Nairobi, Dar es Salaam na Kigali waliofungua kampuni huko bila kukanyaga Marekani, ili wapokee malipo ya wateja wa nje. Ninyi mnamhitaji wakala kuliko mtu yeyote, maana ndiye mlango wenu pekee. Ada ya jimbo ya kubadilisha ni dola 50, na kwa kawaida wakala mpya ndiye anayeandaa cheti cha mabadiliko na kukiwasilisha. Kumbuka taarifa za kodi ya mwaka hutumwa kwa wakala. LLC ya Delaware inadaiwa dola 300 kila Juni 1, na ukichelewa kuna faini ya dola 200 na riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi. Aliyemwacha wakala bila kuweka mwingine hupata habari hizi deni likiwa limekwisha vimba.

Wakala akijiuzulu mwenyewe

Kampuni za mawakala hujiuzulu mteja asipolipa. Texas, kujiuzulu huko kunaanza kutumika siku ya 31 baada ya Ofisi ya Katibu wa Jimbo kupokea taarifa. Huo ndio muda wako wa kuwasilisha Fomu 401. Ukipita, na jimbo likakuandikia kuwa huna wakala, una siku 90 tangu barua ile itumwe. Baada ya hapo wanaweza kuivunja kampuni kwenye vitabu vyao. Tatizo ni kwamba barua hizo huenda kwenye anwani walizonazo, kwa hiyo ukaguzi wa kila baada ya miezi mitatu kwenye ukurasa wa Comptroller ni bora kuliko kuisubiri posta.

Kama samansi imekwisha kwenda anwani ya zamani

Usianze na fomu ya wakala. Anza na tarehe. Katika mahakama za wilaya na za kaunti za Texas, jibu lako linatakiwa kabla ya saa 4 asubuhi, siku ya Jumatatu ya kwanza baada ya siku 20 tangu kukabidhiwa kupita. Mfano: wakala wako amekabidhiwa Jumatano. Siku ya 20 inaangukia Jumanne, kwa hiyo mwisho ni saa 4 asubuhi ya Jumatatu inayofuata. Mahakama ndogo, zile za majaji wa amani, zinakupa siku 14. Mahakama ya shirikisho, siku 21. Hesabu inaanza siku wakala alipokabidhiwa, hata kama wewe umeiona wiki mbili baadaye. Ndiyo sababu nilisema tarehe ni muhimu kuliko karatasi.

Siku hiyohiyo tuma nakala kwa kampuni ya bima na kwa dalali wako wa bima, na uombe wathibitishe kwa maandishi kuwa wamepokea. Kisha tafuta wakili. Kampuni haiwezi kujitetea yenyewe bila wakili kwenye mahakama za wilaya na kaunti, ingawa kwenye zile za majaji wa amani mwenye kampuni anaruhusiwa kusimama. Chama cha mawakili, State Bar of Texas, kina huduma ya kukuelekeza kwa wakili kama humjui yeyote.

Na kama hukumu ya upande mmoja imekwisha kutoka, uliza hakimu aliisaini lini. Katika mahakama za wilaya na kaunti, ombi la kusikilizwa upya linatakiwa ndani ya siku 30 tangu saini hiyo. Zikipita bado zipo njia nyingine, ndefu na ghali zaidi, kwa hiyo mpigie wakili leo. Kisha jioni, ukiwa umetulia, fungua SOSDirect ujaze Fomu 401.